Sahani ya Paka Mzee

Nyumbani kwetu Lamu hakuna aliyewahi kununua chakula cha paka. Bibi akikaa uani kupaa samaki, vichwa na matumbo vilikuwa vyao, na ukoko ukibaki hulowekwa mchuzi wakapewa. Yaliyosalia walijitafutia wenyewe: panya, mijusi, mende. Chuoni tulisimuliwa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ale wadudu wa ardhini. Ndiyo maana paka wetu hakufungiwa, na hakuna aliyejiuliza atakula nini uzeeni. Wengi hawakuufikia.

Kwingineko biashara ilianza zamani. Katika London ya karne ya 19, wachuuzi walipita nyumba kwa nyumba wakiuza nyama ya farasi iliyotungwa vijitini, chakula cha paka. Makopo yalikuja baadaye. Vita vya Pili vya Dunia vilipoifanya bati kuwa adimu Marekani, viwanda vikageukia chakula kikavu chenye nafaka tele. Lakini mwili wa paka hautengenezi taurini ya kumtosha. Huipata kwenye nyama na samaki, na katika mahindi na ngano haimo. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba akiikosa, macho yake huharibika. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa California wakagundua kwamba hata moyo hutanuka na kulegea, na wagonjwa wao walikuwa wakilishwa vyakula vya dukani! Ndipo viwanda vikaongeza taurini. Vichwa vya samaki vya Bibi vilikuwa nayo siku zote, ingawa simpi Bibi ushindi wote: samaki peke yake hamtoshi paka, na baadhi ya samaki wakiliwa wabichi huharibu vitamini B1.

Kilichobadilisha mambo kwetu ni kuhasi. Shume wangu wa manjano, tangu ahasiwe, hana tena habari na vita vya usiku juu ya mapaa. Paka wa hivyo huhitaji chakula pungufu kwa kama robo, na hamu yake ndiyo kwanza huzidi; basi hunenepa. Akishapita miaka kumi na kitu mambo hugeuka, nyama ya mgongoni ikaanza kumwisha. Wangu yuko hapo sasa. Namtia kikapuni nikampima kwa mizani ya muuza viazi, ambaye hucheka kila mara, lakini uzito huo ndio unaoniambia niongeze au nipunguze. Humpa chakula cha kopo kilichoandikwa kuwa ni kamili kwa paka, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Juu yake namwagia maji vuguvugu yaliyochemshiwa changu bila chumvi wala kitunguu, maana paka ni mvivu wa kunywa. Ng'onda simpi, hata alie vipi. Ile chumvi si ya mzee.

Sasa madukani kuna chakula cha figo, na watu hukinunua mara tu paka anapozeeka. Hicho ni chakula cha mgonjwa, protini yake imepunguzwa, na mzee mwenye figo nzima humzidishia kukonda. Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo apimwe damu na mkojo, ndipo ufungue mkoba.