Viti Viwili vya Mississippi



Kamati imeniomba habari ya historia kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu. Nimechagua habari ya mbali, lakini imetokana na swali la hapa hapa kambini. Wakati kamati ilipozungumzia idadi ya wajumbe, zoni kubwa zilitaka wajumbe wengi kwa kuwa zina watu wengi. Zoni ndogo zikasema kila zoni ipewe sawa, la sivyo zitamezwa. Wanafunzi wangu walisikia ubishi huo majumbani, wakaniuliza: "Mwalimu, haki ni ipi?"

Niliwaambia kwamba Wamarekani walibishania jambo hilo hilo huko Philadelphia mwaka 1787, walipokuwa wakiandika katiba yao. Majimbo makubwa kama Virginia yalitaka viti kwa hesabu ya watu. Majimbo madogo kama Delaware yalikataa. Mwishowe walipatana kuwa na mabaraza mawili. Katika Baraza la Wawakilishi kila jimbo lingepata viti kulingana na watu wake. Katika Seneti kila jimbo lingekuwa na viti viwili tu, liwe kubwa au dogo. Mapatano hayo yanatumika mpaka leo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020, California ilikuwa na watu zaidi ya milioni 39, na Mississippi haikufika milioni 3. Yote mawili yana maseneta wawili.

Wanafunzi waliridhika, wakadhani swali limekwisha. Lakini idadi ya viti ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni hii: anayekaa katika kiti amechaguliwa na nani, naye anamsemea nani? Kwa hilo Mississippi ni mwalimu mzuri kuliko majimbo mengi.

Mississippi iliingia katika muungano tarehe 10 Desemba 1817, ikiwa jimbo la 20. Maseneta wake wa kwanza walikuwa Walter Leake na Thomas Hill Williams. Siku zile wananchi hawakuwapigia maseneta kura. Walichaguliwa na wabunge wa jimbo, kwa muda wa miaka 6. Ndugu zangu Wakongomani wataona kwamba utaratibu huo si mgeni kwetu. Kwa sheria zetu za tangu 2006, maseneta wa Kongo nao huchaguliwa na mabunge ya majimbo, 4 kwa kila jimbo na 8 kwa Kinshasa.

Mwaka 1860 Mississippi ilihesabiwa watu 791,305. Kati yao 436,631 walikuwa watumwa, yaani zaidi ya nusu. Jimbo lilikuwa na maseneta wawili kamili, na wengi wa watu wake hawakuwa na hata mmoja wa kuwasemea. Maseneta hao walisimama katika Seneti kutetea utumwa wa wale wale waliojaza jimbo lao.

Tarehe 9 Januari 1861 Mississippi ilijitoa katika muungano. Maseneta wake, Albert Brown na Jefferson Davis, waliondoka Washington mwezi huo huo. Davis aliaga tarehe 21, na baada ya wiki chache akawa rais wa majimbo yaliyoasi. Vikafuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, na viti viwili vya Mississippi vilikaa vitupu kwa miaka 9.

Vita vilipokwisha mwaka 1865, utumwa ulipigwa marufuku, kisha wanaume weusi wakapata haki ya kupiga kura. Watu waliokuwa wakiuzwa sokoni wakaingia katika bunge la jimbo. Mwezi wa Januari 1870 bunge hilo lilimchagua Hiram Revels kuwa seneta. Huyu alikuwa mtu mweusi aliyezaliwa huru huko North Carolina, akawa kinyozi, kisha mchungaji. Alipofika Washington, wapinzani walisema katiba inamtaka seneta awe raia kwa miaka 9, na kwamba mtu mweusi hakuwa raia kabla ya marekebisho ya katiba ya mwaka 1868. Mtu aliyezaliwa katika nchi hiyo hiyo, akaambiwa uraia wake una miaka miwili! Sisi tuliowahi kubishaniwa uraia wetu tunaujua ubishi wa namna hiyo. Tarehe 25 Februari 1870 Seneti ilipiga kura 48 kwa 8, naye akaapishwa. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza katika Seneti ya Marekani.

Wengi husimulia kwamba Revels alikalia kiti cha Jefferson Davis. Sivyo. Alikalia kile cha Brown. Kiti cha Davis kilipitia kwa watu wengine wawili kwanza, na mwaka 1875 kikamfikia Blanche Bruce.

Habari ya Bruce huwapendeza sana wanafunzi wangu. Alizaliwa mtumwa huko Virginia mwaka 1841. Wakati wa vita alikimbilia Kansas, na huko akafungua shule ya watoto weusi. Ndiyo kusema mkimbizi yule alikuwa mwalimu. Baadaye alihamia Mississippi, akashika kazi za serikali za mitaa, akachaguliwa seneta. Siku ya kuapishwa, desturi ilikuwa seneta mwenzake wa jimbo amsindikize mbele. Mwenzake, James Alcorn, hakunyanyuka. Bruce akaanza kwenda peke yake, mpaka seneta wa New York, Roscoe Conkling, alipomfuata na kumshika mkono. Mwaka 1879 Bruce alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza kikao cha Seneti.

Lakini wakati Bruce anaketi Washington, huko nyumbani kiti kilikuwa kinakatwa miguu. Katika uchaguzi wa mwaka 1875 magenge yenye silaha yaliwatisha na kuwaua wapiga kura weusi, na bunge la jimbo likabadilika mikono. Mwaka 1876 Bruce aliiomba Seneti ichunguze. Uchunguzi ulifanyika, ushahidi ukaandikwa, na mambo yakabaki vile vile. Muda wake ulipokwisha mwaka 1881, bunge jipya lilimpa kiti chake James George.

George huyo ndiye aliyeongoza kuandika katiba ya jimbo ya mwaka 1890. Ilitaka mpiga kura alipe kodi ya dola 2, tena aweze kusoma kifungu cha katiba au kukieleza akisomewa. Aliyeamua kama maelezo yanatosha ni karani mzungu. Masharti hayo ya kupiga kura hayakutaja rangi, na katiba hiyo haikupelekwa kwa wananchi waikubali. Katika jimbo ambalo watu weusi walikuwa wengi kuliko wazungu, weusi walioandikishwa walibaki chini ya 9,000.

Mwaka 1913 katiba ya Marekani ilirekebishwa, na tangu hapo maseneta wakachaguliwa na wananchi moja kwa moja. Sababu zilikuwa njema: wabunge walikuwa wakinunuliwa, na mara nyingine walishindwa kupatana hadi viti vikakaa vitupu. Lakini huko Mississippi neno "wananchi" lilikuwa limekwisha kupunguzwa. Kiti cha Bruce kilikaliwa na Theodore Bilbo kuanzia 1935, mtu aliyehimiza waziwazi watu weusi wazuiwe kupiga kura. Askari weusi waliotoka vitani walitoa ushahidi juu yake mwaka 1946, na Januari 1947 Seneti haikumwapisha. Alifariki mwezi Agosti. Akafuata John Stennis, aliyekaa mpaka 1989. Kiti cha pili kilikuwa cha James Eastland mpaka 1978, na tangu 1956 aliongoza Kamati ya Sheria, ambako miswada ya haki za raia ilikwama.

Nyumbani kwa Eastland palikuwa wilaya ya Sunflower, alikokuwa na shamba kubwa la pamba. Katika wilaya hiyo hiyo aliishi mama mmoja mchuma pamba, Fannie Lou Hamer. Mwaka 1962 alikwenda kujiandikisha kupiga kura. Siku hiyo hiyo alifukuzwa katika shamba alilofanyia kazi miaka 18. Hakurudi nyuma. Mwaka 1964 alisimulia mateso yake katika mkutano wa chama cha Democratic, na nchi nzima ikamsikia katika televisheni. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa sahihi tarehe 6 Agosti 1965. Kabla yake, weusi walioandikishwa Mississippi hawakufika 7 kwa kila 100. Mwaka 1967 walikuwa karibu 60 kwa kila 100.

Tangu hapo mambo yamebadilika, ingawa si yote. Kiti cha Davis na Bruce kilikwenda kwa Trent Lott mwaka 1989, na mwisho wa 2007 kikaenda kwa Roger Wicker. Mwaka 2018 Cindy Hyde-Smith alikuwa mwanamke wa kwanza wa Mississippi katika Seneti. Mike Espy, mtu mweusi, aligombea mwaka 2018 na 2020, akashindwa mara zote mbili. Tangu Bruce aondoke mwaka 1881, Mississippi haijapeleka tena mtu mweusi katika Seneti.

Sasa nirudi kwa swali la wanafunzi. Idadi ya wajumbe wa kila zoni ni jambo la kupatana, na watu wenye akili walipatana mwaka 1787. Lakini Mississippi ilikuwa na viti vyake viwili siku zote, isipokuwa ile miaka 9, na kwa sehemu kubwa ya muda huo viti havikuwasemea walio wengi. Viti havikuibwa Washington. Viliibwa nyumbani, kwenye meza ya karani anayeandikisha majina.

Kwa hiyo tusigombee idadi tu. Tuulize daftari la wapiga kura liko wapi, nani hajaandikwa, na kwa nini. Tuulize kama mama aliyefika mwezi jana ameandikwa, kama asiyejua kusoma amesaidiwa bila kuaibishwa, kama vijana waliotimiza umri wameitwa. Hayo nawaomba wajumbe wetu, na ndugu wa mashirika wanaotusaidia kusimamia uchaguzi. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Lakini tuwe waangalifu, maana kuna asiyekuwapo kwa uvivu wake, na kuna asiyekuwapo kwa sababu alifungiwa mlango.