Tochi ya pili: mwanga wa wazamiaji wa Kilifi na hatari iliyohamia kwenye betri

Mto Sabaki ukifurika humwaga udongo wa bara baharini kaskazini mwa mji wa Malindi, na kaskazi ikivuma udongo huo husukumwa kusini hadi kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968. Huku Mnarani, hori la Kilifi nalo huingiwa na tope kila mvua kubwa inaponyesha. Kwa hiyo mzamiaji wa pwani hii huweza kuhitaji tochi hata saa sita za mchana. Hata siku maji yanapokuwa safi, rangi nyekundu hufifia katika mita chache za kwanza, na kamba aliyejibanza mwambani huonekana wa kijivu mpaka amulikwe. Tunaposimulia historia ya tochi tumezoea kusifu jinsi mwanga ulivyozidi kuwa mkali. Mimi naona kwamba katika safari hiyo hatari nayo ilihama: ilitoka kwenye balbu ikaingia kwenye betri. Ndiyo sababu tochi ya akiba haifai kuwa pacha wa tochi kubwa.

Kabla ya umeme, mwanga wa mvuvi uliishia juu ya maji. Wakati wa bamvua, maji yalipokupwa usiku, watu walitembea mwambani na mienge ya makuti wakitafuta pweza; baadaye zikaja kandili, kisha karabai ya mafuta ya taa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kingeweza kushuka na mtu chini. Kilichofungua njia ni betri kavu ya mwisho wa karne ya 19, na tochi ya mkononi ambayo David Misell alipewa hataza yake Marekani mwaka 1899. Mawe ya tochi yalienea Afrika Mashariki yote, na kuanzia 1967 kiwanda cha Eveready cha Nakuru kiliyatengeneza hapa hapa Kenya, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Akiolojia ya chini ya maji ilipoanza nchini, kwa uchimbaji wa mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, taa nyeupe ya LED ilikuwa haijabuniwa. Uchimbaji huo uliendelea kutoka 1977 hadi 1980, na tochi zote za wazamiaji wa miaka hiyo zilitegemea balbu ya uzi.

Balbu ile ilikuwa na kasoro nyingi. Sehemu kubwa ya umeme iliishia kuwa joto, na uzi wake ulikatika kwa kugongwa tu kwenye ubavu wa mashua. Lakini ilikuwa na sifa moja ambayo hatukuithamini. Mawe yalipochoka, mwanga uligeuka manjano, kisha ukawa mwekundu, na mzamiaji alipata muda wa kuona kwamba umefika wakati wa kupanda.

LED nyekundu ilionekana mwaka 1962, lakini mwanga mweupe ulisubiri LED ya buluu yenye nguvu, iliyokamilishwa na Shuji Nakamura nchini Japani mwaka 1993. Betri ya lithiamu-ioni ilikuwa imeingia sokoni mwaka 1991. Vitu hivi viwili vilipokutana ndani ya tochi moja, mambo yalibadilika kabisa: kifaa kinachoenea kiganjani kikatoa mwanga uliokuwa ukihitaji betri nzito ya kufunga kiunoni. Watu wengi wa pwani waliijua LED kupitia simu za mulika mwizi na tochi za bei rahisi za madukani. Watafiti wa mradi wa Lumina walizichunguza tochi hizo nchini Kenya karibu na mwaka 2009 na kukuta ubora wa nyingi ni duni. LED yenyewe huweza kudumu maelfu ya saa, ila swichi, nyaya na betri zinazoizunguka hazina umri huo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Tochi nyingi za kisasa zina saketi inayoshikilia mwanga katika kiwango kimoja, na betri ya lithiamu ina saketi ya kinga inayokata umeme chaji inaposhuka mno. Kinga hiyo ni njema kwa betri, lakini mtu aliye chini ya maji anaweza kuwa na mwanga kamili dakika hii na giza totoro dakika inayofuata. Wapo watakaosema tochi nzuri sasa zina kitaa cha kuonya. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Lakini onyo hilo husoma volti ya betri, haliwezi kujua kwamba chembe ya mchanga imekaa kwenye ringi ya mpira ya kifuniko na maji ya chumvi yameanza kupenya.

Halafu kuna moto. Tarehe 2 Septemba 2019 mashua ya wazamiaji, Conception, iliungua usiku karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California, na watu 34 wakafa. Ndani yake betri za taa, kamera na simu zilikuwa zikichajiwa. Msomaji makini atasema chanzo hakikuthibitishwa, na yuko sahihi: wachunguzi hawakuweza kukitaja kwa uhakika, na walilaumu zaidi ukosefu wa mlinzi wa zamu ya usiku. Hata hivyo, walinzi wa pwani wa Marekani waliona inatosha kushauri kwamba betri hizo zisichajiwe kwa wingi bila mtu wa kuziangalia. Hofu kama hiyo ilikuwa imetangulia angani: tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake zimepigwa marufuku kuwa shehena katika ndege za abiria.

Betri inayotumika sana katika tochi hizi ni ya 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Nyingi zilizo bora hubeba takriban mAh 3500. Ukiona imeandikwa 9900, maandishi hayo ni ya uongo, na aliyedanganya kuhusu chaji hana sababu ya kusema kweli kuhusu kinga. Nyingine hutolewa kwenye kompyuta mpakato mbovu na kuvalishwa ganda jipya. Betri ya namna hiyo ikiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, au ikichajiwa baada ya kuingiwa na maji ya bahari, hakuna anayeweza kuidhamini.

Sisemi mawe ya kawaida hayana madhara. Jiwe moja likiwekwa kinyume ndani ya tochi iliyozibwa barabara huweza kutoa gesi, shinikizo likapanda, na kifuniko kikaruka usoni mwa anayekifungua. Kwa hiyo watengenezaji wengine huweka vali ya kupunguza shinikizo. Tofauti ni kwamba hitilafu hizo haziji kwa njia moja na za lithiamu. Na hiyo ndiyo faida ya akiba isiyo pacha. Wazamiaji wa mapangoni, ambako hakuna njia ya kupanda moja kwa moja, huingia na taa 3 kila mmoja. Kanuni hiyo hupungua nguvu taa zote 3 zikiwa za aina moja, zimenunuliwa siku moja na kuchajiwa kwa chaja moja, kwa maana kasoro ya moja yaelekea iko katika zote.

Hapa ndipo ninapoona faida kubwa ya kubadilisha balbu kuwa LED. Tochi ya zamani ya mawe, yenye ganda zima na ringi nzuri, ikivishwa LED inayolingana na volti zake inakuwa tochi ya akiba bora: haikatiki kwa kugongwa, hudumu kwa saa nyingi, na mawe ya alkalaini yakichoka ndani ya tochi isiyo na saketi ya kushikilia mwanga, mwanga hufifia polepole kama zamani. Kosa la kuepuka ni kutia betri ya lithiamu ya 14500 kwa sababu inaenea mahali pa jiwe dogo. Jiwe lina volti 1.5, hiyo ina 3.7.

Pingamizi zito ni la gharama. Mvuvi anayezamia ili apate kitoweo na ada ya shule atauliza kwa nini anunue tochi 2 wakati hata moja inamlemea. Jibu langu ni kwamba fedha za tochi moja kali ya lithiamu zigawanywe: tochi kuu ya mwanga wa wastani, na ya pili ndogo ya mawe. Katika maji yenye tope la Kilifi mwanga mkali mno hugonga chembe na kurudi machoni, hivyo mwanga wa wastani haumpunguzii kuona kiasi anachodhani. Hiyo ya pili aivae kifuani inapofikika kwa mkono wowote, aijaribu kabla ya kila kushuka, na msimu wa kuzamia ukiisha ayatoe mawe, yasije yakavuja na kula chuma cha ndani.