Sehemu ya 4: Faneli ya wauzaji ilivyoingia darasani

Mama zangu, tuendelee. Mmoja wenu ameniuliza, "Dada nesi, hii kozi ya kompyuta niliyoanza, nikiiachia katikati kuna anayejua?" Yupo, mama. Kila hatua yako inahesabiwa, na hesabu yenyewe ina historia ndefu.

Faneli unaijua, ile ya kumiminia mafuta ya taa: juu pana, chini nyembamba. Mwaka 1898 Mmarekani wa mambo ya matangazo, Elias St. Elmo Lewis, alizipanga hatua za mteja: ashtuke, apendezwe, atamani. Kuchukua hatua ya kununua kukaongezwa baadaye. Mwaka 1924 William Townsend, kwenye kitabu cha kufundisha kuuza hati fungani, akazifananisha hatua hizo na faneli. Wengi wanaingia juu, wachache wanatoka chini wameshanunua.

Ila muuzaji halii na waliopotea njiani. Wakitoka wanunuzi wa kutosha, biashara imekwenda. Mwalimu hawezi kusema hivyo, wala nesi.

Sisi kliniki tuna faneli yetu, hatuiiti hivyo tu. Penta ya kwanza wiki ya 6, ya pili wiki ya 10, ya tatu wiki ya 14. Ile chati ya ukutani mnayoiona mkisubiri kupima uzito ina mstari wa penta ya kwanza na wa penta ya tatu. Wakianza watoto 100 wakamaliza 85, tumepoteza asilimia 15. Ikizidi 10 tunajiuliza huduma yetu ina kasoro gani. Lakini mtoto ambaye hakuletwa kabisa ni habari nyingine: labda kituo kiko mbali, labda nauli. Aliyekuja mara moja akakatika, hapo mara nyingi ni sisi. Foleni, chanjo kuisha, au maneno makali aliyopewa mama mlangoni (jamani, yapo). Mwaka 1978 T. Tanahashi alizichambua hatua hizi katika jarida la Shirika la Afya Duniani: huduma ipo? Inafikika? Inakubalika? Watu wameifikia? Imewasaidia?

Sasa darasani. Machi 2012 chuo cha MIT kule Marekani kilianzisha kozi ya bure mtandaoni ya saketi za umeme, wiki 14, Anant Agarwal akiwa mmoja wa walimu. Walijiandikisha watu 154,763. Waliojaribu zoezi la kwanza ni elfu ishirini na kitu. Mtihani wa katikati walifaulu 9,318, vyeti wakapata 7,157. Mitambo ilihifadhi matukio kama milioni 230, kila video na kila zoezi lililofunguliwa.

Ukiangalia juu na chini tu, utasema ni asilimia 5, wamefeli. Angalia katikati. Umati ulipotea kabla hata ya zoezi la kwanza. Baada ya mtihani wa katikati, waliopungua ni wachache.

Januari 2014 Harvard na MIT wakatoa hesabu ya kozi 17. Usajili 841,687, vyeti 43,196. Katika usajili 292,852 kozi haikufunguliwa hata mara moja. Na 35,937 walipita nusu ya kozi au zaidi wakaondoka bila cheti. Mimi nawafikiria sana hawa. Yaani umesoma nusu nzima, halafu kwenye orodha unasomeka sawa na ambaye hakufungua! Watafiti wenyewe walionya kozi isipimwe kwa vyeti peke yake.

Mafunzo ya programu za kompyuta ya siku hizi yanahesabu hivyohivyo: amejiandikisha, ameingia, amefungua programu, amefanya zoezi, amemaliza. Wakikwama wengi kwenye kufungua programu, pengine inataka kompyuta na wao wana simu. Wakikwama kwenye video ya dakika 40, basi mama yeyote mwenye kichanga anaweza kuwaambia kwa nini. Hesabu inaonyesha mahali, sababu haionyeshi. Kwetu sababu tunaipata mhudumu wa afya wa jamii akibisha hodi nyumbani.

Kwa hiyo ukiletewa ujumbe wa "bado hujamaliza somo" na pana nafasi ya kujibu, mama, jibu. Andika bando limeisha, au mtoto ana homa, au somo la pili hulielewi. Sehemu ya 5 kesho usiku, watoto wakilala.