Namna Wachuuzi wa Viungani Walivyojitangaza

Wazee wa pwani wametuachia mithali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa muda mrefu mithali hiyo imekuwa hukumu juu ya kila mwuzaji apazaye sauti barabarani, kana kwamba kupaza sauti kwenyewe ni ithibati ya ubovu wa bidhaa yake. Lakini mtu akiitazama kwa insafu tarikhi ya viunga vya Dar es Salaam, tangu Kinondoni na Mwananyamala hadi Temeke, Tandika na Mbagala, ataona kwamba wengi waliojitembeza walifanya hivyo kwa kukosa mahali pa kukalia, wala bidhaa zao hazikuwa na kasoro. Kizuri chao kisingaliweza kujiuza maadamu hakuna mpita njia aliyejua kuwa kipo. Leo kijana wa Kinondoni ampigiapo mama yake picha ya vitumbua ili aiweke katika Instagram, au fundi cherehani wa Tandika aoneshapo katika stetasi ya WhatsApp gauni alilolimaliza jana, wote wawili huendeleza amali yenye umri mrefu kuliko simu, nayo yafaa ijulikane ilikotoka.

Mji wenyewe, ambao Seyyid Majid bin Said wa Unguja alianza kuujenga katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, ulifanywa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891, na tangu hapo kanuni za ujenzi zikaanza kupambanua nani ajenge nyumba ya namna gani na wapi. Waingereza walipoutwaa waliukamilisha upambanuzi huo kwa kanda tatu: ya kwanza ya Wazungu, ya pili ya biashara, iliyokaliwa zaidi na Wahindi, na ya tatu ya Waafrika, iliyoanzia Kariakoo, na baina ya ile ya pili na ya tatu uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili watu wasikaribiane. Athari ya mpango huo kwa tijara ndogo ilikuwa kubwa. Mwenye duka katika kanda ya pili alikuwa na kibao juu ya mlango, na sanduku la posta la kutaja gazetini. Mwuza samaki, mkaa au ndizi atokaye pembezoni alikuwa na kichwa cha kubebea na koo la kunadia.

Si ajabu basi kwamba miongoni mwa watu wa kwanza kuipigania sauti ya mfanyabiashara Mwafrika alikuwamo mwenye duka. Erica Fiah, Muganda aliyehamia Dar es Salaam, aliasisi mwaka 1934 chama cha ustawi na biashara cha Waafrika wa Tanganyika, na mwaka 1937 akaanza kulitoa gazeti la Kwetu, gazeti la Kiswahili lililokuwa mali ya Mwafrika, ilhali Mambo Leo, lililotangulia tangu 1923, lilikuwa la serikali. Katika kitendo hicho mna funzo ambalo miaka haijalichakaza: mwenye kuuza hana budi apate chombo cha kusemea, na chombo cha kuazima hakiachi kumtii mwenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu waliingia mjini kwa wingi, Kariakoo ikafurika, na serikali ikapima viwanja na kujenga nyumba Magomeni, Temeke na Kinondoni. Huko ndiko nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ilipopata kazi ambayo wapimaji hawakuikusudia, kwa kuwa baraza yake ya mbele, iliyozoea mazungumzo na bao, iligeuka kuwa duka: alfajiri ya mama wa vitumbua na maandazi, mchana ya fundi na cherehani yake, jioni ya samaki wa kukaanga na mihogo. Mwenye baraza alitangazwa na harufu na mazoea. Mwenye kutembea, ambaye wateja wake walikuwa ndani ya ua na hawamwoni, alihitaji alama ya sikio. Basi mwuza kahawa akagonganisha vikombe vyake, mwuza karanga na sigara akatikisa sarafu kiganjani, mng'arisha viatu akagonga sanduku lake kwa mgongo wa brashi, na mpakaji wa rangi za kucha akagonganisha vichupa, wala hapakuwa na mtu wa mtaani aliyeuliza nani anapita.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kila moja ya alama hizo ilikuwa ya kazi nzima, haikuwa ya mtu mmoja. Mlio wa vikombe ulimwarifu mteja kwamba kahawa imefika. Kwa nini anunue ya huyu na kuiacha ya yule lilikuwa shauri la uso, kipimo na ahadi. Aliyepita saa ile ile kila siku, aliyekopesha na kungoja mwisho wa mwezi bila kumwaibisha mdeni mbele ya majirani, aliyetia nyongeza pasipo kuombwa, huyo ndiye aliyeitwa kwa jina lake. Hivyo kujulikana kwa mchuuzi kulikuwa na daraja mbili, ya kusikika na ya kuaminiwa, na aliyeishia daraja ya kwanza alifanya kazi nyingi kwa faida haba.

Mfano ulio bora wa mtu aliyezipanda daraja zote mbili tunaupata Msasani na Oyster Bay, katika Kinondoni hiyo hiyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka upande wa Tunduru, alianza mnamo mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege juu ya mbao laini za viwandani kwa rangi ya mafuta ipakwayo baiskeli, na picha zake akazitundika nje ya maduka ya Morogoro Stores, ambako wageni wenye fedha walipita kununua mahitaji yao. Hakuwa na jumba la maonyesho wala fedha ya kulipia tangazo. Alichagua mahali ambapo macho ya wanunuzi yalikuwa yakipita tayari, na akachora kwa namna ambayo mtu akiiona mara moja hawezi kuichanganya na nyingine. Alifariki kwa risasi ya polisi mwaka 1972, lakini jamaa na wanafunzi wake wakaendelea mahali pale pale, hata jina lake likawa jina la mtindo mzima, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika.

Lakini pia ulikuwako wakati ambapo kuonekana kulikuwa hatari. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara nyingi ziliingia mikononi mwa mashirika ya umma, na Radio Tanzania, ingawa ilikuwa na Idhaa ya Biashara, haikuwa mahali pa mama wa vitumbua. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, bidhaa zikaadimika. Sukari, sabuni na khanga zikawa vitu vya foleni, na kitu kinachongojewa kwa foleni hakihitaji mnadi. Mwaka 1983 serikali ilipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huo huo ikapitisha sheria ya Nguvu Kazi, ambayo ilimfanya mchuuzi asiye na kibali ahesabiwe miongoni mwa wazururaji wa kurudishwa mashambani, habari za bidhaa zilipita kwa mnong'ono, baina ya watu wanaojuana. Wakati huo daraja ya kuaminiwa peke yake ndiyo iliyobaki, nayo ikatosha kuwavusha wengi.

Kuanzia 1984 masharti ya kuagiza bidhaa yalilegezwa, mitumba ikarudi, na katika utawala wa Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimpa lakabu ya Mzee Ruksa, viunga vilijaa sauti upya. Wamachinga walitandaza bidhaa zao kandokando ya barabara. Daladala, zilizoruhusiwa rasmi mwaka 1983, zikaandikwa maneno nyuma na ubavuni. Wapiga debe wakazijaza kwa makelele ya vituo. Na wachoraji wa mabango wakapata kazi ya kupamba kuta za vinyozi kwa vichwa vilivyonyolewa kila mtindo. Redio na televisheni za watu binafsi zilipoanza mwaka 1994, tangazo likawa bidhaa inayouzwa kwa sekunde, nalo likabaki mbali na mfuko wa mwenye genge la nyanya. Yeye alisubiri kipaza sauti kidogo cha betri, kinachorudia bei ile ile tangu asubuhi hadi magharibi, na hadi leo apitaye Mbagala Rangi Tatu husikia vipaza sauti kadhaa vikishindana kutaja buku na jero.

Simu ya mkononi ilileta mambo mawili kwa kufuatana, na aghalabu watu hulikumbuka la pili wakalisahau la kwanza. La kwanza lilikuwa malipo: M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, fedha iliweza kumfikia mwuzaji bila ya miguu, na baadaye jina lake la usajili likajitokeza mbele ya mlipaji kabla hajathibitisha, jambo lililokuwa dhamana ndogo kwa wasiojuana. La pili lilikuwa picha: waya wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na simu zenye kamera na intaneti zikashuka bei, mtu asiye na fremu ya duka aliweza kuonesha bidhaa zake Instagram na kuwaambia wateja kwamba anapatikana Kinondoni Biafra, au Temeke, na kwamba bodaboda italeta mzigo mlangoni. Kodi ya fremu, ambayo ilikuwa ikimeza mtaji kabla ya kuuza, ikawa si sharti la kuanza.

Pamoja na neema hiyo yalizuka maradhi yake. Wako wanaoficha bei na kumwambia kila anayeuliza aje inboksi, wakidhani wanamvuta mteja, kumbe wamemrudishia mashaka aliyokuwa nayo dukani mwa mtu asiyemjua. Wako wanaonunua wafuasi wasionunua kitu. Wako wanaoweka picha za keki iliyopikwa nchi ya mbali, wakapokea malipo ya awali, wakazima simu. Fauka ya hayo, mwenye kurasa si mwenye uwanja. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi, na huku kwetu zilizimika tangu jioni hadi usiku wa manane. Barabara nayo haikuwa kimbilio, kwa kuwa mwezi huo huo wachuuzi wa Dar es Salaam walikuwa wakiondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa katika maeneo yaliyotengwa. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, na mtandao ukadorora tena. Aliyekuwa ameandika namba za wateja wake katika daftari aliweza kuwapigia. Ambaye wateja wake wote walikuwa ndani ya kurasa hakuwa na la kufanya.

Kwa hiyo vijana wanaojitolea, au kulipwa, kuzitangaza biashara za wazazi na majirani zao wana dhima kubwa kuliko kupiga picha nzuri. Waandike bei. Wataje mahali kwa alama ambazo dereva wa bodaboda anazijua, kituo, msikiti au shule. Waoneshe mikono ya mwuzaji mwenyewe ikifanya kazi, siyo picha ya kuazima. Waweke bidhaa saa ile ile kila siku ili mteja ajue lini atazame, wajibu maulizo siku hiyo hiyo, na mzigo ukichelewa waombe radhi hadharani. Nawe msomaji, ukinunua kwa mchuuzi wa mtaani kwako ukaridhika, usinyamaze: mtaje kwa jina la biashara yake, sema yuko wapi na ulilipa shilingi ngapi, kwa kuwa ushahidi wa mnunuzi ndio uliowajenga wauzaji wa viungani tangu siku za baraza, na ndio ambao mwuzaji hana namna ya kujitolea mwenyewe.