Desemba katika Viwanja vya Ndege vya Mikoani: Mabadiliko ya Njia na Kufutwa kwa Safari za Anga Tanzania, 1977–2022

Mwezi wa Desemba una nafasi ya pekee katika historia ya usafiri nchini Tanzania. Shule zimefungwa, ofisi zinatoa likizo, na wenyeji wa Kilimanjaro, Kagera na Mbeya wanaoishi Dar es Salaam hurejea kwao kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya. Utani kwamba Wachaga huenda "kuhesabiwa" umekwisha kuwa sehemu ya msamiati wa mjini. Wengi wa wasafiri hao hupanda basi. Hata hivyo, wapo wanaosafiri kwa ndege, na kwao mwisho wa mwaka umekuwa mara kadhaa wakati wa kukwama. Mwaka 2008, mwaka 2018 na mwaka 2022, huduma za ndege za ndani zilitetereka ama Desemba yenyewe ama wiki chache kabla yake.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu hali hii ni ya aina mbili. Kundi la kwanza hulaumu uzembe wa shirika la umma. Kundi la pili hulaumu udhaifu wa kampuni binafsi. Makala haya yanajenga hoja kwamba maelezo yote mawili yanaacha nje jambo la msingi. Tangu mwaka 1977 ndege za safari za ndani zimekuwa chache kiasi kwamba ratiba imepangwa bila ndege ya akiba. Inapopungua moja, iwe ya serikali au ya mtu binafsi, kinachokatwa mapema ni kile kituo kilicho mbali na chenye abiria wachache.

Urithi wa 1977

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza safari zake Januari 1946, likimilikiwa kwa pamoja na Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Makao yake makuu yalikuwa Nairobi, na karakana zake kubwa zilikuwa Embakasi. Jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa katika masimulizi mengi ya kuvunjika kwa Jumuiya. Kwa zaidi ya miaka 30, abiria wa Mwanza au Tanga alihudumiwa na mtandao ambao moyo wake ulikuwa nje ya mipaka ya nchi yake. Ndege iliyoharibika ilibadilishwa kwa nyingine kutoka kundi kubwa la pamoja, na vipuri vilitoka katika ghala moja.

Shirika hilo liliposimama mwanzoni mwa 1977, na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa Februari mwaka huo, Tanzania haikupoteza ndege peke yake. Ilipoteza pia karakana, ghala na akiba. Shirika la Ndege Tanzania (ATC) lilianzishwa Machi 1977 na lilitegemea aina tatu za ndege: Boeing 737-200 mbili kwa viwanja vyenye njia ndefu za kurukia, Fokker F27 kwa miji ya kati, na Twin Otter kwa viwanja vidogo ambavyo havikuweza kupokea kitu kikubwa zaidi. Kwenye karatasi mpangilio huu ulikuwa na mantiki, kwa kuwa kila ukubwa wa kiwanja ulikuwa na ndege yake. Ila katika utendaji, kampuni ndogo ilijitwisha aina tatu za vipuri na makundi matatu ya marubani na mafundi, katika nchi iliyokuwa ikielekea kwenye uhaba mkubwa wa fedha za kigeni wa mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Tukio la Februari 1982 laonyesha jinsi kamba ilivyokuwa nyembamba. Boeing 737 iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na kupelekwa hadi Stansted, Uingereza, ambako watekaji walitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Historia ya siasa hulikumbuka tukio hilo kwa madai hayo. Kwa historia ya usafiri linafaa kukumbukwa pia kwa hesabu yake: ndege iliyokuwa Stansted ilikuwa nusu ya ndege zote za injini za jeti za shirika hilo.

Kutoka shirika la umma hadi ubia

Mwaka 2002 Serikali iliuza asilimia 49 ya hisa za ATC kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini, na kampuni mpya, ATCL, ikazinduliwa mwaka uliofuata. Mbia alikuwa na mpango wa kuifanya Dar es Salaam kuwa kitovu chake cha Afrika Mashariki. Mpango huo ulieleweka kibiashara, lakini ulielekeza macho Johannesburg, na haukuwa na sababu kubwa ya kutazama Tabora au Songea. Ubia ulivunjika mwaka 2006 na Serikali ikazirejesha hisa zake.

Pengo la mikoani lilijazwa kwa kiasi kikubwa na Precision Air, kampuni iliyoanza Arusha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ndege ndogo za kukodi, na ambayo Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa zake mwaka 2003. Uamuzi wake wa kutumia ndege za ATR, ambazo Watanzania huziita pangaboi, ulikuwa na matokeo makubwa kwa mikoa. ATR hutua kwenye njia fupi na hujazwa na abiria wachache. Bukoba, Kigoma, Musoma, Shinyanga, Tabora na Mtwara ziliingia katika ratiba ya kampuni binafsi kwa nyakati mbalimbali kwa sababu ya aina ya ndege, kabla hata ya sababu za soko.

Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) iliiondolea ATCL cheti cha uendeshaji kwa kutotimiza masharti, na safari za shirika hilo zikasimama katika kipindi cha sikukuu. Cheti kilirejeshwa na safari zikaanza tena Januari 2009. Kisheria uamuzi huo hauna la kulaumiwa: chombo cha udhibiti kinachofumbia macho kasoro kwa kuwa Krismasi imekaribia hakina maana ya kuwapo. Lakini abiria aliyekuwa na tiketi alihamishiwa katika soko ambalo ndani yake, kwa njia nyingi za mikoani, kulibaki mlango mmoja tu wa kubisha. Yaliyofuata yalithibitisha unyonge huo. Machi 2010 Boeing 737 ya ATCL iliteleza nje ya njia ya kurukia Mwanza, na Aprili 2012 Dash 8 yake ilianguka ilipokuwa ikiruka Kigoma. Watu wote walinusurika, lakini ndege hiyo haikurejea angani, na kwa kampuni iliyobakiwa na ndege za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, ajali ya Kigoma ilikuwa pia tukio la ratiba.

Nauli nafuu na Desemba ya 2018

Tarehe 29 Novemba 2012 Fastjet ilianza safari kati ya Dar es Salaam, Mwanza na Kilimanjaro kwa ndege za Airbus A319. Nauli ya kuanzia ilitangazwa kuwa shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo, kiasi kilichoifanya ndege ifananishwe na basi kwa mara ya kwanza. Desemba hiyohiyo uwanja wa Songwe ulifunguliwa mkoani Mbeya, na baadaye Fastjet ikaufikia pia. Watu waliokuwa hawajawahi kupanda ndege walipanda. Mafanikio hayo hayapaswi kubezwa kwa sababu ya yaliyotokea baadaye.

Hata hivyo, A319 iliigawa mikoa katika tabaka mbili. Viwanja vyenye njia ndefu, kama Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, vilipata ushindani na nauli ndogo. Kiwanja cha Bukoba, ambacho njia yake ni ya takribani mita 1,500, hakikuweza kupokea ndege hiyo, na mkazi wa Kagera aliyetaka nauli nafuu alishukia Mwanza, kisha akabaki na barabara au ziwa. Kwa watu wa Bukoba ziwa si neno jepesi tangu kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996.

Kufikia mwishoni mwa 2018 Fastjet Tanzania ilikuwa imehamia mikononi mwa mwekezaji wa ndani, ikiwa na madeni na bila ndege ya kutekeleza ratiba yake. Katikati ya Desemba TCAA ilitoa notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni, na kuitaka ishughulikie abiria waliokwisha kulipa. Safari za Krismasi na mwaka mpya zikafutwa. Siku chache baadaye, tarehe 23 Desemba, ndege mpya ya ATCL aina ya Airbus A220-300, ya kwanza ya aina hiyo kwa shirika la Afrika, ilipokewa Dar es Salaam kwa shangwe mbele ya Rais Magufuli.

Mfuatano wa matukio hayo mawili uliwafanya baadhi ya wachambuzi waone kwamba kampuni moja iliondolewa ili nyingine ipite. Hoja hiyo ina mvuto, lakini inadai zaidi ya inavyoweza kuthibitisha. Madeni ya Fastjet yalikuwapo kabla ya A220 kutua, na kampuni isiyo na ndege haiwezi kusemwa imenyang'anywa njia. Linalostahili kuulizwa ni jingine: kwa nini kuanguka kwa kampuni moja kuliweza kuondoa sehemu kubwa hivyo ya viti vya Mwanza na Kilimanjaro kwa wiki moja, na kwa nini ndege moja mpya, hata ingeanza kazi siku hiyohiyo, isingeweza kuvirudisha. Sheria ya TCAA ya mwaka 2003 ilianzisha baraza la kuwatetea watumiaji wa usafiri wa anga, na abiria ana haki ya kudai fedha zake. Lakini marejesho ya nauli ya shilingi elfu chache hayanunui kiti cha tarehe 23 Desemba katika kampuni nyingine ambayo bei yake imepanda. Kinacholindwa na utaratibu huo ni bei ya tiketi. Safari yenyewe haina mdhamini.

Novemba 2022

Mwaka 2022 waliokuwa na ndege ndio walioyumba, kila mmoja kwa sababu yake. Tarehe 6 Novemba ndege ya Precision Air aina ya ATR 42-500 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 kati ya 43 waliokuwamo walifariki dunia. Mwezi huohuo ATCL ilitangaza kupunguza safari kwa kuwa baadhi ya A220 zake nne zilisimamishwa kutokana na hitilafu ya injini za Pratt & Whitney.

Hitilafu hiyo haikuwa ya Tanzania peke yake. Shirika la airBaltic la Latvia, ambalo ndege zake zote ni A220, lilikumbwa na tatizo lilelile. Mwaka 2023 lilikodi ndege pamoja na marubani wa mashirika mengine ili ratiba yake ya majira ya joto isivunjike. Ulinganisho huu una mipaka, kwani Ulaya ina soko la ukodishaji lililo karibu na mtaji wa kulilipia. Lakini unaonyesha kwamba hitilafu ya injini na kufutwa kwa safari ni mambo mawili tofauti, na kwamba umbali kati yake hupimwa kwa akiba.

Ununuzi uliofuata haukubadilisha sana hali ya viwanja vidogo. Boeing 737 MAX iliyopokewa na ATCL Oktoba 2023 iliongeza viti kwa njia kubwa, na Bukoba ikaendelea kutegemea pangaboi, yaani Dash 8-Q400 za ATCL na ATR za Precision Air. Mpango wa kujenga kiwanja kikubwa zaidi Omukajunguti, wilayani Missenyi, umezungumzwa kwa miaka mingi, na abiria wa Kagera bado hutua ukingoni mwa ziwa.