Kidonda kisichouma

Unadhani ukoma ndio unaokula vidole? Hata wataalamu waliamini hivyo. Miaka ya 1940 na 1950, kule Vellore, India, daktari Paul Brand alionyesha kwamba kinachoumiza ni ganzi: mishipa ya fahamu imekufa, mtu anakanyaga mwiba, hasikii, anaendelea kutembea.

Dawa mseto, zilizopendekezwa na WHO mwaka 1981, huua vimelea. Ganzi ya zamani mara nyingi hubaki. Kwa hiyo aliyepona, akirudi kwao Mvumi, bado ana kazi kila jioni: kukagua nyayo, kusafisha kidonda, kukifunika kwa kitambaa safi. Na kupumzisha mguu, jambo gumu kweli wakati wa palizi ya mtama. Ukiona usaha au uvimbe, usingoje, mpeleke hospitali.