Minervali ya Kampene: Historia ya Kumlipia Masomo Mwana wa Mwingine

Neno minervali halimo katika kamusi za Kiswahili sanifu, lakini katika Maniema ni shida kumpata mzazi asiyelijua. Lilitoka katika Kifaransa cha shule za Wabelgiji, nacho Kifaransa kililichota katika Kilatini, ambamo lilitaja zawadi ambayo mwanafunzi alimpelekea mwalimu wake kwa heshima ya Minerva, mungu wa kike wa elimu. Zawadi ikageuka kuwa ada, na ada ikageuka kuwa mlango: anayelipa hukaa darasani, asiyelipa hurudishwa nyumbani katikati ya muhula. Makala haya yanafuata swali moja katika historia ya nchi inayoizunguka Kampene, kituo cha dhahabu na kasiterite katika teritwari ya Pangi, kusini-mashariki ya Kindu. Mtoto ambaye wazazi wake hawakuwa na kitu, ni nani aliyemlipia masomo, na huyo aliyelipa alitaka nini?

Imezoeleka kudhani kwamba ufadhili uliletwa na wamisionari. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa. Warega, ambao ndio wenyeji wa Pangi, walikuwa na Bwami, chama cha madaraja ambamo mtu alipanda ngazi kwa ngazi mpaka kindi, daraja la juu kabisa. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti wake miongoni mwao katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake Lega Culture mwaka wa 1973, alionyesha wazi kwamba hakuna aliyepanda kwa mali yake peke yake. Mwenye kutaka daraja alikusanyiwa na ndugu wa upande wa baba, wa upande wa mama na wakwe: musanga, yaani simbi zilizotumika kama fedha, pamoja na vyakula na vitu vingine vya thamani ambavyo viligawiwa kwa waliohudhuria sherehe. Alikuwa na wakubwa wa kumwongoza, na mafunzo yenyewe yalitolewa kwa methali, nyimbo, ngoma na sanamu ndogo za pembe na miti. Tena mali haikutosha. Mtu mgomvi au mwenye tabia mbaya alikwama hata kama ukoo wake ulikuwa tajiri. Wanawake nao walikuwa na madaraja yao, lakini yalifungamana na yale ya waume zao, jambo linalostahili kukumbukwa tutakapofika kwenye habari za wasichana wa shule.

Kwa hiyo wazo la kwamba wengi huchanga ili mmoja apande lilikuwako Urega kabla ya ubao na chaki. Kilichobadilika ni mchangaji. Zamani alikuwa ndugu, na aliyepanda alibaki kijijini machoni pa wale waliomchangia.

Mfadhili mpya alikuja na mkataba. Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru ya Kongo na Baraza Takatifu la Roma zilipatana kwamba misheni za Kikatoliki zitapewa ardhi, hekta 100 hadi 200 kwa kila kituo, nazo zitafungua shule zenye kufundisha hasa kilimo na kazi za mikono. Baadaye serikali ya Kongo ya Kibelgiji ikaanza kuzipa fedha shule za misheni zilizoitwa za kitaifa, yaani za Wakatoliki wenye makao Ubelgiji, na utaratibu huo ukatangazwa rasmi mwaka wa 1929. Waprotestanti, ambao wengi wao walitoka Uingereza, Marekani na Skandinavia, hawakupata ruzuku mpaka mwaka wa 1948. Waislamu hawakupata kabisa. Katika Maniema jambo hili lilikuwa zito kuliko mahali pengine popote katika Kongo, kwa sababu Kasongo na Nyangwe zilikuwa miji ya Waungwana tangu enzi za Tippu Tip, na Kiswahili chenyewe, kile kilichoitwa Kingwana, kilienea kutoka huko. Lugha ya Waungwana ikachukuliwa na wamisionari na kutumiwa katika madarasa ya chini, lakini watoto wa Waungwana, wakiogopa kubatizwa, wengi walibaki nje ya madarasa hayo. Ni ajabu ya historia kwamba watu waliotoa lugha ya shule ndio waliochelewa kuingia shuleni.

Njia iliyokuwa wazi zaidi kwa mtoto maskini mwenye akili ilikuwa seminari ndogo. Humo alipata chakula, malazi, vitabu na Kilatini, na baba yake hakudaiwa kiasi ambacho hangeweza kukitoa. Aliyelipa alitaka padri. Wengi hawakufika altareni, na Kongo ilifaidika nao hata hivyo. Joseph Kasa-Vubu, rais wa kwanza wa nchi, alipitia seminari ya Mbata-Kiela na kisha akasoma falsafa Kabwe, akaacha mwaka wa 1939, akawa mwalimu na baadaye karani. Ufadhili uliomtayarisha kwa kazi moja ulimfaa katika kazi nyingine ambayo mfadhili hakuiota. Misheni huenda ziliona hasara katika vijana wa namna hiyo. Mwanahistoria hana sababu ya kuona hivyo.

Mfadhili wa pili alikuwa kampuni. Kalima, iliyo kaskazini ya Kampene, ilijengwa juu ya bati, na kampuni za madini zilijenga makambi, hospitali na shule kwa ajili ya wafanyakazi na watoto wao. Patrice Lumumba, mzaliwa wa Onalua katika Sankuru mwaka wa 1925, aliyekuwa amepita katika shule za misheni bila kufika mwisho wa masomo, alifanya kazi katika kampuni ya madini huko Kalima akiwa kijana mdogo kabla ya kwenda Stanleyville mwaka wa 1944. Cheo chake cha kwanza chenye maana hakukipata kwa kampuni wala kwa misheni. Mwaka wa 1947 serikali ilimpeleka Léopoldville katika shule ya posta, na kutoka hapo akawa karani wa posta mwenye mshahara wa kutegemewa, mwenye nafasi ya kusoma na kuandika magazetini. Serikali ilitaka karani hodari. Ilimpata, na zaidi ya hapo ikapata asichotaka mtawala yeyote wa kikoloni.

Mwaka wa 1948, mwaka uleule Waprotestanti walipokubaliwa katika ruzuku na mpango mpya wa shule za sekondari kutangazwa, utawala ulikipiga marufuku chama cha Bwami. Mambo hayo hayakuamuliwa katika ofisi moja, lakini kwa kijana wa Pangi matokeo yalikuwa yaleyale: ngazi moja iliondolewa na nyingine ikasimamishwa, na funguo za ile mpya hazikuwa mikononi mwa ukoo.

Ngazi hiyo mpya ilikuwa na vidato vichache mno. Lovanium ilifunguliwa mwaka wa 1954. Thomas Kanza alihitimu Louvain mwaka wa 1956 akiwa Mkongo wa kwanza asiye padri kupata shahada ya chuo kikuu huko. Na siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo wenye shahada hawakufika 30 katika nchi nzima. Ukosefu huo ndio uliowafanya viongozi wa Jamhuri kuona ufadhili kuwa kazi ya dola. Katika miaka ya 1960 na 1970 mwanafunzi wa chuo kikuu alipewa bursi, chumba na chakula. Mtihani wa taifa ulioanzishwa mwaka wa 1967 ulimwezesha mtoto wa Kampene kupimwa kwa kipimo kimoja na mtoto wa Kinshasa, angalau kwenye karatasi. Kisha mwaka wa 1971 vyuo vikuu vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, mwaka wa 1974 shule za makanisa zikataifishwa, na mwaka wa 1977 zikarudishwa kwa mkataba kwa sababu dola haikuweza kuziendesha. Bursi ilizidi kunyauka katika miaka ya 1980, na mwanafunzi asiye na mjomba mjini akarudi nyumbani.

Huko nyumbani mambo yalikuwa yakiharibika pia. Sominki, iliyoundwa mwaka wa 1976 kwa kuunganisha kampuni za madini za Kivu na Maniema, ilikuwa na Kampene miongoni mwa vituo vyake. Mwezi wa Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati lilishindwa kulipa madeni yake, bei ya bati ikaanguka, na kampuni haikuinuka tena. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka wa 1982, serikali ya Zaire ilikuwa imeruhusu wananchi kuchimba dhahabu kwa mikono. Ukiyatazama matukio haya mawili kwa pamoja, unaelewa madarasa matupu. Baba aliyekuwa na mshahara na shule ya kambi alibaki bila vyote viwili, na mwana aliona kwamba sururu ingemlisha upesi kuliko kitabu. Mwaka wa 1996 Banro ilinunua sehemu kubwa ya Sominki, mwaka wa 1997 ikazaliwa Sakima, mwaka wa 1998 serikali ikabatilisha makubaliano, na mwezi wa Oktoba wa mwaka huohuo Kindu ikaangukia mikononi mwa waasi wa RCD. Katika mlolongo huo wote wa karatasi na bunduki, aliyepoteza mfadhili hakuulizwa lolote.

Yapo mengi ya kusemwa juu ya vita. Hapa itoshe kusema kwamba shule hazikufa. Sababu yake si nzuri kuitaja. Mishahara ya walimu ilipokoma kuwa na maana, na walimu wakagoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, makanisa na kamati za wazazi walipatana kwamba wazazi watawalipa walimu nyongeza iliyoitwa primu. Ilikusudiwa iwe ya muda. Ilidumu zaidi ya robo karne. Maskini akawa mfadhili wa dola: mwanamke anayeuza mihogo Kampene alimlipa mtumishi wa serikali ili mtoto wake asome katika shule ya serikali. Pale ambapo fedha zilitosha mtoto mmoja tu, mara nyingi aliyepelekwa alikuwa mvulana. Kama zamani katika Bwami, msichana alihesabiwa kupitia mume atakayempata.

Ni katika pengo hilo kwamba ufadhili wa mbali uliingia: mtu wa Ulaya au Marekani anamlipia mtoto mmoja ambaye hajamwona. Mfano unaojulikana zaidi Afrika ya Mashariki ni wa Kenya. Hilde Back, mwalimu nchini Sweden aliyefika huko utotoni akiwa mkimbizi Myahudi kutoka Ujerumani, alimlipia Chris Mburu kiasi cha dola 15 hivi kwa muhula. Mburu alisoma sheria Nairobi na Harvard, akafanya kazi ya haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa, kisha akaanzisha mfuko wenye jina la Back ili kuwalipia wengine. Filamu juu yao ilitolewa mwaka wa 2010. Kisa hiki kinapendwa, na kinastahili kupendwa, lakini kinaficha jambo moja. Mburu alikuwa na shule yenye walimu, mtihani unaoaminika na chuo kikuu cha umma kilichompokea. Dola 15 zilifungua mlango wa nyumba iliyokwisha kujengwa. Starehe ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1959 na Geoffrey Griffin, Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo kwa ajili ya wavulana wa mitaani na yatima, ilielewa hilo mapema: ilijenga nyumba yenyewe, pamoja na mafunzo ya ufundi, ndipo ikaita wafadhili.

Katika Maniema mpango wa namna hiyo unakutana na nyumba iliyobomoka paa. Katiba ya mwaka wa 2006, ibara ya 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure, lakini utekelezaji ulianza mwezi wa Septemba 2019 tu. Madarasa yalijaa kupita kiasi. Primu ya shule ya msingi ilifutwa, na walimu wengi ambao majina yao hayakuwa katika orodha ya malipo ya serikali wakabaki bila primu na bila mshahara. Sekondari bado ina minervali yake na ada ya mtihani wa taifa. Kwa hiyo mfadhili wa leo anahitajika hasa baada ya darasa la sita, pale ambapo zamani safari ya wengi iliishia.

Na kijana aliyelipiwa mpaka diploma, tena pengine mpaka lisansi katika Chuo Kikuu cha Kindu, anaajiriwa na nani? Kampuni ya bati haipo tena kama ilivyokuwa, na ofisi za mkoa zina viti vichache. Kazi iliyo karibu zaidi naye ni ualimu. Anarudi Kampene, anapewa darasa na chaki, jina lake linatumwa Kinshasa, na yeye anangoja jibu huku akiwafundisha watoto ambao wazazi wao wamekatazwa kumlipa.